Mwenzetu kanyolewa: sisi tumetia maji?

Wako wasomi miongoni mwetu ambao tangu mwaka 2016 wamejipatia burudani isiyokwisha. Burudani hiyo ni Uingereza. Katika maofisi ya Serikali na katika vyumba vya walimu, kutoka Shinyanga mjini hadi Geita, husikika kicheko kila redio inapotangaza kwamba wakubwa wa London wamezozana tena na wakubwa wa Brussels, au kwamba Waziri Mkuu mwingine ameanguka. Mtawala wetu wa jana amepotea njia mchana kweupe. Basi na tucheke.

Mwandishi wa makala haya naye alicheka. Lakini kicheko kisicho na hesabu hakimfai mtumishi wa umma, wala mwalimu anayetazamwa na watoto. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Swali linalotupasa kuulizana leo ni hili: kwa muda wote huo tuliokuwa tukimtazama mwenzetu ananyolewa, sisi tumetia maji, au tumekaa tukishika matumbo kwa kucheka?

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Tarehe 23 Juni 2016 wananchi wake, asilimia 51.9 dhidi ya 48.1, walipiga kura ya kutoka. Waliahidiwa na baadhi ya viongozi wao kwamba mikataba mipya ya biashara ingepatikana kwa wepesi, na kwamba dunia nzima ilikuwa imepanga foleni mlangoni pao. Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 2019 Bunge lao liliukataa mkataba wa Bibi Theresa May mara tatu. Nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020 bila ya kujua itauza na kununua kwa masharti gani, na mkataba wa biashara na Ulaya ukapatikana tarehe 24 Desemba 2020, ikiwa imebaki wiki moja tu muda wa mpito kwisha. Moja ya mambo yaliyoukwamisha hadi dakika za mwisho lilikuwa ni samaki, shughuli ambayo ni sehemu ndogo mno ya uchumi wa nchi ile. Mazungumzo na Marekani, yaliyoanza Mei 2020 kwa vigelegele, hayakuzaa mkataba kamili wa biashara huria. Mazungumzo na Canada, nchi ambayo ni ndugu yao wa damu, yalisimamishwa Januari 2024 kwa ugomvi wa nyama na jibini. Na tangu Bwana Cameron alipoondoka Julai 2016 hadi Julai 2024, mawaziri wakuu watano waliingia katika nyumba ile ile. Mmoja wao, Bibi Truss, hakumaliza hata miezi miwili mwaka 2022.

Fundisho la kisa hiki si kwamba Waingereza ni wajinga. Fundisho ni kwamba Taifa linaweza kusema "hapana" kwa siku moja, lakini hiyo "hapana" haina faida mpaka Taifa hilo liwe limejua linataka nini badala yake, na limetayarisha watu, takwimu na bidhaa za kulipatia linalolitaka.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwezi Julai 2016, wiki chache tu baada ya kura ile ya Uingereza, Tanzania nayo ilisema "hapana" yake. Serikali ilitangaza kwamba haitatia saini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, uitwao kwa kifupi EPA, kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni hiyo hiyo ya kutoka kwa Uingereza: tungefungaje mkataba na soko ambalo mmoja wa wanunuzi wake wakubwa anafungasha virago? Rais Mstaafu Benjamin Mkapa aliandika waziwazi mwaka huo huo kuupinga mkataba huo. Novemba 2016 Bunge la Jamhuri ya Muungano likaujadili, na likaishauri Serikali isitie saini.

Mwandishi huyu anashikilia kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mkataba ulitaka nchi za Jumuiya ziondoe ushuru kwa asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, kwa hatua zitakazochukua miaka 25. Ulitaka pia kutufunga mikono tusitoze kodi mpya kwa bidhaa zinazosafirishwa nje, isipokuwa kwa masharti na kwa kuelewana na wenzetu hao hao. Nchi inayouza mali ghafi ikikubali jambo hilo inajinyima fimbo yake ya kumlazimisha mnunuzi aje kusindika mali hiyo hapa nchini. Asiyeelewa uzito wa maneno haya aende Kahama, aende Geita, akaulize.

Lakini wako wanaosema tumeachwa na gari. Wanatuonyesha ndugu zetu wa Kenya, waliotia saini na Ulaya pamoja na Rwanda tarehe 1 Septemba 2016, wakatia saini peke yao na Uingereza Desemba 2020, kisha na Ulaya Desemba 2023 katika mkataba ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. "Tazameni," wasema, "wenzetu wamo ndani, sisi tuko nje tunanyeshewa."

Hoja hii ina kasoro moja kubwa: wenye kuitoa hawajafungua kitabu cha ushuru. Kenya haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, sisi tumo. Mwaka 2014, Jumuiya ilipochelewa kukamilisha mazungumzo, maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa Desemba, na wakulima wake wakaona moto. Mkenya alikuwa na sababu yake ya kukimbilia saini, na haifai kumtukana. Sisi hatukuwa na sababu hiyo. Tangu mwaka 2001, chini ya mpango wa Ulaya wa "kila kitu isipokuwa silaha", bidhaa zetu zinaingia huko bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Uingereza ilipojitenga ilibaki na utaratibu wa namna hiyo hiyo, na mwaka 2023 ikautengeneza upya kwa jina jipya.

Tena tutazame tunachouza. Pamba nyuzi, iliyochambuliwa Shinyanga, haitozwi ushuru Ulaya, iwe imetoka kwetu au kwa tajiri yeyote. Dhahabu ghafi ya Geita haitozwi. Kinachotozwa ni shati. Fulana inayotoka katika nchi isiyo na upendeleo hulipa asilimia 12 mlangoni mwa Ulaya; fulana ya Tanzania hailipi kitu. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka 20 mlango umekuwa wazi kwa kile hasa ambacho hatukipeleki, na kwa kile tunachokipeleka hakuna mlango uliopata kufungwa.

Hapo ndipo ninapogeukia kundi la pili, na hili ndilo ninalogombana nalo zaidi kwa kuwa ni kundi la marafiki. Hawa ni wale wanaodhani kwamba kukataa saini mwaka 2016 kulikuwa ndiyo ushindi wenyewe. Wanaisimulia "hapana" ile kama askari mstaafu anavyosimulia vita, na wakimaliza kusimulia wanarudi kulala. Ndugu zangu, tulikataa ili tulinde viwanda. Viwanda gani? Mkulima wa Kishapu, wa Meatu na wa Maswa bado anapeleka pamba mbegu kwenye chama chake cha msingi. Jineri inatenga mbegu na nyuzi. Mbegu inakamuliwa mafuta na mashudu yanaliwa na ng'ombe. Na sehemu kubwa ya nyuzi, yaani theluthi ile yenye thamani, inafungwa marobota na kupelekwa ng'ambo ikasokotwe na kufumwa na mikono ya watu wengine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa wakati pamba ya Usukuma ilipokuwa ikilisha vinu vya Lancashire. Mnunuzi amebadilika, sasa yuko zaidi Asia. Marobota ni yale yale. Na mwanafunzi wa mkulima huyo anavaa mtumba.

Juu ya mtumba nako hatuna budi kusema kweli. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuupunguza hadi kuumaliza. Marekani ikatishia kuondoa upendeleo wake wa kibiashara. Nchi moja baada ya nyingine ikalegeza kamba. Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa upendeleo huo. Tukio hilo latufunza kwamba upendeleo uliotolewa na mwenye nguvu hutwaliwa na mwenye nguvu. Latufunza pia kwamba Jumuiya iliyoketi meza moja mwaka 2007, na tena mwaka 2014, ilitoka kwa milango mbalimbali. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya walilazimika kukubali kwamba anayetaka EPA aende, asiyetaka abaki. Hiyo si aibu ya nchi moja. Ni udhaifu wetu sote.

Mkoa wa Shinyanga hauhitaji kufundishwa habari za London. Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, yenye karati 54.5 kabla ya kukatwa, ilipelekwa kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Ilikatwa London, ikabaki karati 23.6, ikatengenezwa kipini cha kifuani. Mkataji alilipwa ujira wake, sonara alilipwa wake, na mwenye mgodi alipata sifa. Aliyechimba alirudi kambini. Hadithi nzima ya biashara yetu na Ulaya imo ndani ya kipini kile: jiwe ni letu, kazi ya kulithaminisha ni ya kwao, na bei ni ya aliyefanya kazi ya mwisho.

Hata hivyo mkoa huu huu umetupa pia mfano wa mazungumzo yaliyofika mwisho. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe, na makontena 277 yakakamatwa bandarini Dar es Salaam. Bunge likatunga sheria za kulinda utajiri wa asili na za kupitia upya mikataba kandamizi. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa katika soko la hisa la London, ilitikisika mpaka ikanunuliwa yote na Barrick mwaka 2019. Januari 2020 ikatiwa saini: Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa, na faida za kiuchumi zikakubaliwa kugawanywa nusu kwa nusu chini ya kampuni ya Twiga.

Mfano huo usisimuliwe nusu. Bulyanhulu ilipunguza kazi mwaka 2017, watu walipoteza ajira, na wafanyabiashara wa Kahama waliona miezi ya njaa. Dai la kodi la dola bilioni 190 lililotangazwa mwaka huo liliishia kwenye malipo ya dola milioni 300. Anayetaka kulificha jambo hili anawanyima wananchi somo. Somo ni kwamba mazungumzo ni vita vyenye majeruhi, na kwamba tulipata tulichopata kwa sababu nyuma ya "hapana" yetu kulikuwa na sheria, wataalamu waliofungua makontena na kupima, na kitu ambacho mwenzetu alikihitaji na hawezi kukipata kwingine. Mgodi hauhamishiki. Pamba nyuzi inapatikana popote.

Basi hesabu yetu ni hii. Tumo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na hatutaki kubaki humo. Juhudi zote za Taifa ni kutoka. Siku tutakayotoka, baada ya muda wa mpito ule upendeleo utakwisha, na ile fulana ambayo hatujaishona itaanza kutozwa. Siku hiyo tutaitwa mezani kama alivyoitwa Mkenya. Tukifika mikono mitupu tutasaini tutakachopewa, na wajukuu wa wale tuliowacheka London watatucheka sisi.

Wajibu huu si wa mawaziri peke yao. Afisa biashara wa wilaya asiyejua wilaya yake inauza nini, wapi na kwa ushuru gani, ameiacha Serikali iende mezani ikiwa kipofu. Afisa ushirika anayehesabu marobota na asiyeuliza ni mangapi yamesokotwa nchini anahesabu hasara. Mwalimu wa uraia anayefundisha kwamba ukoloni ulikwisha mwaka 1961, kisha akafunga daftari, hajamweleza mtoto kwa nini kipini cha Mwadui hakikurudi. Mikataba hii imejaa Kiingereza cha kisheria kinachowashinda hata wengi wetu tuliosoma. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe, ibishaniwe katika mabaraza ya wafanyakazi kabla haijafika Bungeni.

Uingereza iliamua kwanza, ikafikiri baadaye, na bei yake imeilipa. Sisi tuliamua kwa haki mwaka 2016. Kufikiri kwetu, na kazi inayotokana na kufikiri huko, bado tunadaiwa.