Huyo Paka Hakupendi, Anakuvumilia Mpaka Klipu Iishe

Wadau, kuna klipu imezunguka wiki nzima kwenye simu zetu hapa Musoma, na najua wengi wenu mmeilaiki. Staa mmoja wa kike, jina kapuni, alikuja kupiga shoo, akalala hoteli moja ya ufukweni, asubuhi akamkuta paka wa watu bustanini. Akambeba kama kichanga, tumbo juu, akambusu usoni mara tano, chini akaandika "mpenzi wangu mpya". Mioyo myekundu ikamwagika.

Mimi niliitazama mara tatu, sauti nimezima. Hebu irudieni na nyie. Masikio yamelala pembeni kama mabawa. Mkia unapigapiga. Mboni zimetanuka mpaka jicho lote limekuwa jeusi. Anajilamba pua kila sekunde. Huyo siyo mpenzi mpya. Huyo ni abiria aliyekabwa na wapiga debe pale stendi ya Bweri, anasubiri tu mkono ulegee atoke mbio. Na mkono ulipoanza kulegea, klipu ikakatwa. Mnadhani kwa nini?

Sitafuti ugomvi na dada wa watu, na kiki yake ale kwa raha. Shida yangu ni hizo komenti: "paka wa kwangu hananipendi hivi", "wa kwangu ana roho mbaya", "paka hana shukrani kama mbwa". Hapo ndipo nikasema leo lazima niseme. Nyie mnapendwa kila siku, ila mnasubiri mapenzi yaje na matarumbeta.

Nakiri, na mimi nilikuwa humohumo. Nilimchukua Furu akiwa mdogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, kutoka kwa mama mmoja muuza dagaa kule Mwigobero ambaye paka wake alikuwa amezaa chini ya meza. Nikampeleka chumbani kwangu Nyasho. Wiki ya kwanza nilimbeba kila dakika, nikampiga picha kama mia mbili, nikamvalisha mpaka soksi ya mtoto. Wiki ya pili akahamia chini ya kitanda. Nikiingia, anatoka dirishani. Nikaanza kuwaambia washkaji nimepata paka mwenye majini.

Aliyenifungua macho ni bibi yangu wa Butiama, ambaye hajawahi kumbusu paka na hana mpango huo. Kwa bibi paka ni mfanyakazi: kuna ghala la mtama, kuna panya, basi kuna paka. Chakula chenyewe ni ugali uliobaki na kichwa cha samaki. Lakini nilipoenda likizo nikaona kitu. Bibi akitoka kwenda shambani alfajiri, paka yuko nyuma yake, mkia wima kama bendera. Bibi akienda msalani usiku na tochi, paka anamsindikiza, anakaa mlangoni, anarudi naye. Bibi akikaa jioni kwenye kigoda, paka anakuja kulala karibu na mguu wake, mgongo ameelekeza kwa bibi, uso ameutoa nje.

Nikamwambia, bibi, paka wako amekununia, amekupa mgongo. Akacheka. "Mjukuu wangu, wewe mtu usiyemwamini unampa mgongo?"

Ndiyo hapo sasa. Mgongo ndio upande paka asioweza kuulinda. Paka anayekuogopa hakupi mgongo hata siku moja, anakukodolea macho mpaka uondoke. Huyo aliyekugeuzia makalio kitandani saa tisa usiku, yale makalio mnayolalamikia, amekuambia kitu kikubwa kuliko "nakupenda" za kwenye ujumbe wa simu.

Na mkia wima ule, ncha imekunja kidogo kama alama ya kuuliza, ni salamu. Kitoto cha paka ndivyo kinavyomwendea mama yake. Akikujia hivyo mlangoni, basi amekuweka kwenye familia. Akikugonga na paji la uso au akikusugua na shavu kwenye goti, hajikuni. Paka ana tezi za harufu mashavuni na kwenye paji, anakupaka harufu yake ili wewe na yeye mnukie nyumba moja. Sisi tunaoga tunajipulizia pafyumu ya elfu kumi, tunafuta kazi yake yote, jioni anaanza upya. Hachoki.

Kukanda je? Ile anapanda tumboni kwako na kuanza kukanda kwa miguu ya mbele kama anaandaa unga wa chapati. Hicho alikuwa anafanya kwenye ziwa la mama yake ili maziwa yatoke. Amekua na bado anakufanyia wewe. Kucha zinauma, najua. Weka khanga hapo katikati, usimtupe chini.

Sasa nije kwenye kitu kilichonipatanisha na Furu, na hiki kijaribuni leo leo. Mwangalie paka wako akiwa ametulia, lakini usimkazie macho, maana kwa paka kukodolewa ni kutishwa. Fumba macho taratibu, kaa hivyo kidogo, fumbua taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitoa utafiti wao mwaka 2020: paka walijibu zaidi kwa kufinya macho pale wenye nao walipowafinyia kwanza, na hata mtu mgeni aliyefinya macho hivyo alisogelewa zaidi kuliko aliyekaa na uso wa kawaida tu. Mimi nilifanya hivyo nimelala sakafuni, mbali, kama mjinga. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne Furu akiwa chini ya kitanda akafumba yale macho ya njano, akafumbua. Jamani, nilitaka kulia.

Tumbo sasa. Paka akilala chali akakuonyesha tumbo, anasema "hapa nina amani". Hajasema "shika". Wewe unapeleka mkono, unapigwa kucha nne, unaanza kulia paka mnafiki. Mgeni akiacha mlango wake wazi kwa sababu ya joto la Ziwa, unaingia moja kwa moja mpaka chumbani? Na ule mngurumo wa kifuani nao msiuamini kwa macho yaliyofumba. Mara nyingi ni raha, lakini paka mgonjwa au mwenye maumivu naye hunguruma hivyohivyo. Ukimwona ananguruma huku hali chakula na amejikunyata pembeni, mtafute mganga wa mifugo, acha kuposti.

Ati paka haitikii akiitwa. Wajapani walilipima hilo, utafiti ukatoka mwaka 2019: paka wanatofautisha jina lao na maneno mengine yanayofanana nalo. Kwa hiyo anasikia. Amekuweka "imeonekana" tu, kama unavyowafanyia watu wa kwenu.

Halafu lile "nyau" lenyewe. Paka wakubwa wakiwa wao kwa wao ni nadra kuliana nyau. Hiyo sauti wanaiacha wakitoka utotoni, wanaendelea nayo kwa ajili ya binadamu. Yaani ni lugha anayoongea na wewe.

Kwa nini naona haya yote ni makubwa? Pandeni gari la Mwanza, mkifika Bunda mbele kidogo kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hapo hapo barabarani. Watalii wanawaza simba. Lakini ndani ya nyasi zile kuna mnyama mdogo, mwenye mistari hafifu, miguu mirefu kidogo, nyuma ya masikio ana wekundu: paka pori, wengine humwita kimburu. Anaishi peke yake, anawinda usiku, hana kundi wala bosi. Paka wote wa majumbani duniani, wa Nyasho, wa London, wa yule staa, wametoka kwenye damu ya paka pori wa jamii hii. Mbwa babu yake ni mbwa mwitu anayeishi kwa kundi lenye wakubwa na wadogo, ameumbiwa kufuata mtu. Babu wa paka wako hakuumbiwa kumtegemea yeyote. Kwa hiyo akikaa mapajani mwako ni hiari yake tupu. Ukimshika kwa nguvu umeondoa kitu pekee kilichofanya kukaa pale kuwe na maana.

Na hili la kubusu paka usiyemjua tuliongee fasta: paka naye anabeba kichaa cha mbwa, na huku kwetu Mara huo ugonjwa si hadithi. Paka mgeni akikung'ata au kukuparura, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri uone dalili, zikija hakuna dawa.

Watu wa Mara kwa kweli ndio tulipaswa kuwaelewa paka kuliko Watanzania wote. Sisi wenyewe hatubembelezi. Mzee wangu hajawahi kuniambia ananipenda. Ila nikienda nyumbani, asubuhi nakuta sato mkubwa jikoni, amekwenda kumfuata mwenyewe kwa baiskeli, akiniona anauliza tu "umeamka?" na kugeukia redio. Mgongo kwangu. Kama bibi angekuwa na darasa, mzee angekuwa mfano ubaoni.

Kilichonifanya nikae kuandika leo lakini siyo staa. Ni mshkaji mmoja wa nyumba ya pili, naye jina kapuni. Alikuwa na paka jike wa kijivu, miaka mitatu. Alilala naye, alikula naye. Mwezi wa nane akapata kazi Bunda, akapakia godoro, jiko la gesi, televisheni, mpaka ndoo iliyopasuka. Paka akamwacha. Nikamuuliza, vipi? Akanijibu ule msemo mnaoujua wote: "Paka anapenda nyumba, hapendi mtu."

Mnajua huo msemo umetupa paka wangapi? Ni kweli paka hushikamana na eneo lake, hilo sibishi, na kuhama kunamchanganya. Lakini mtu pia anamshika. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliweka vitoto vya paka na wenye navyo kwenye chumba kigeni, mwenye akatoka dakika mbili, akarudi. Takribani asilimia 64 walionyesha kwamba mtu wao akirudi tu wanatulia na kuendelea kuchunguza chumba, kama mtoto anavyotulia akimwona mama. Sikia vizuri: chumba kigeni. Nyumba yao haikuwepo pale. Kilichowatuliza ni mtu.

Na kumhamisha wala si kazi kubwa. Kikapu chenye mfuniko, au boksi lenye matundu, ndani shuka lake la zamani ambalo hujalifua ili akute harufu yake. Ukifika mfungie chumba kimoja na chakula, maji na mchanga, ndani ya nyumba wiki mbili tatu, ndipo umfungulie mlango wa nje. Kutoka Musoma mpaka Bunda ni saa moja na kitu barabarani. Ndoo iliyopasuka ilipata nafasi.

Yule jike alikaa kwenye ngazi ya mlango ule siku tisa. Nilihesabu. Kila pikipiki ikisimama, anainuka, mkia wima, kisha anaona si yeye, mkia unashuka. Mpangaji mpya akammwagia maji, akasogea hatua tatu, akakaa tena. Siku ya kumi nilimwekea dagaa karibu na kwangu. Furu alifoka, wakagawana uwanja, sasa anakula nyuma ya choo chetu. Hajaniruhusu kumgusa na sijajaribu. Juzi jioni nimekaa kwenye ndoo naosha vyombo, akaja akakaa umbali wa kama mita nne. Nikafumba macho taratibu. Nilipofumbua, ya kwake yalikuwa yamefumba.

Wiki hiyohiyo mwenyewe kaposti picha yake ya zamani, amemkumbatia huyohuyo paka, kaandika "namisi sana mwanangu". Laiki 214. Nikamtumia ujumbe: ukija Musoma wikiendi njoo na kikapu, yupo kwangu, hai. Tiki mbili za bluu, tangu Jumatano.