MICHEZO YA NG'AMBO: Mlinzi Hutazama Kiuno

Katika futiboli ya Kimarekani, ichezwayo na watu 11 kila upande na ambayo mpira wake hushikwa mikononi zaidi kuliko kupigwa teke, hakuna kazi yenye upweke kama ya mlinzi wa pembeni. Wenzake hupambana kwa kundi katikati ya uwanja. Yeye huachiwa mtu mmoja, mpokeaji wa timu pinzani, mwepesi wa mbio na ajuaye njia atakayoifuata. Mlinzi haijui. Askari aliyepata kushika lindo la usiku peke yake atamwelewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza afundishwalo ni mahali pa kuweka macho. Si usoni mwa mpokeaji, wala si kwa mrushaji wa mpira. Mpokeaji hodari hudanganya kwa kichwa, kwa mabega na kwa miguu. Kiuno ni vigumu kudanganya, kwani mwili huenda kielekeako. Mlinzi husimama mbele yake, akiegemea kidogo upande wa ndani ili kumfungia njia iliyo fupi, magoti yamekunjwa. Mchezo uanzapo hamrukii. Husogea kwa hatua ndogo ndogo na kungoja kiuno kiseme. Mlinzi mchanga hushindwa kungoja; hurusha mikono mapema, mizani ikampotea, na mtu wake amekwisha pita.

Mikono hiyo ina historia yake. Mel Blount wa Pittsburgh Steelers, mtu wa miraba minne, aliwasukuma wapokeaji tangu mwanzo na kuzidi kuwabughudhi njiani. Mwaka 1975 alinasa mipira 11 ya wapinzani, akaongoza ligi nzima. Mwaka 1978 ligi ya NFL ilikaza sheria: mlinzi asimsukume mpokeaji baada ya yadi 5 za mwanzo, yaani mita nne na nusu hivi. Watu wakaiita sheria hiyo kwa jina la Blount. Mwingine angalinung'unika hadi kustaafu. Yeye alicheza misimu sita zaidi chini ya sheria iliyotungwa kumfunga mikono, na timu yake ikatwaa ubingwa Januari 1979 na tena Januari 1980.

Zikiisha yadi hizo 5, kazi huwa ya miguu. Mlinzi hugeuza kiuno na kukimbia ubavuni mwa mtu wake. Hapo ndipo penye jaribu kubwa: mpira uko hewani nyuma ya mgongo wake, watazamaji wanapiga kelele, na shingo inatamani kugeuka. Akiwa ameachwa hata hatua moja, asigeuke, kwani ageukapo kasi hupungua. Kwanza amfikie mtu. Mikono ya mpokeaji ikiinuka, mpira u karibu. Ndipo mlinzi hupenyeza mkono wake katikati ya mikono hiyo na kuung'oa mpira kabla haujakumbatiwa. Akimgonga kabla mpira haujafika, mwamuzi hurusha kitambaa cha njano, na wapinzani hupewa mpira palepale kosa lilipotendeka, hata pakiwa yadi 40 mbele.

Hata walio bora hupitwa. Lakini muda wa kujuta haupo: saa huwapa wapinzani sekunde 40 tu za kuanza tena, na mtu yule yule huja kusimama mbele yake.