Binti Anapongoja Bahasha

Jirani yetu mmoja ana binti aliyeanza masomo mwaka huu katika chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Marekani. Hivi karibuni alipigiwa simu usiku wa manane, na binti alikuwa akilia. Hakuwa mgonjwa wala hakufeli mtihani. Alisema tu kwamba nyumba alizozitaka zimemkataa, zimebaki mbili. Mama akadhani mwanawe ametolewa alikopanga, na kulipokucha akaanza kuulizia nauli ya kumrudisha.

Nyumba hizo ni za sororiti, yaani vyama vya udada vya wanafunzi wa kike, vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki. Anayejiunga huhesabiwa kuwa dada wa chama hicho hata baada ya kuhitimu. Vyama 26 kati ya hivyo viko chini ya baraza liitwalo National Panhellenic Conference, lililoanzishwa mwaka 1902, na katika vyuo vingi husajili wanachama wapya kwa pamoja katika muda wa siku chache. Katika Chuo Kikuu cha Alabama, ambako shughuli hiyo hufanyika mwezi Agosti, wasichana zaidi ya 2,000 hujitokeza kwa mwaka.

Mwanzoni msichana huzungushwa katika nyumba zote, akizungumza dakika chache na wenyeji wake. Kisha kila upande huchagua: wenyeji huamua nani wamwite tena, naye msichana huzipanga nyumba kwa kadiri alivyozipenda. Kompyuta huzilinganisha orodha hizo, naye hupewa ratiba ya nyumba zilizomwita. Kila duru nyumba hupungua, mpaka jioni ya mwisho zinapobaki mbili, au moja, au hakuna. Haelezwi kwa nini ameachwa.

Kwa kukosa maelezo, binti hujitungia yake: ni rangi yangu, ni mtandio wangu, ni Kiingereza changu. Mzazi ajue kwamba mara nyingi ni hesabu. Kila chama huwekewa kikomo cha wasichana kinaoweza kuwaalika tena, kwa kutazama mwenendo wa miaka iliyopita. Chama kinachopendwa sana hulazimika kuwaacha wengi mapema, kwa kuwa karibu wote kitakaowaita watarudi. Aliyeachwa baada ya mazungumzo ya dakika kumi hakupimwa utu wake. Muda wenyewe wa kumpima haukuwapo.

Hata hivyo, si haki kuitupia kompyuta lawama zote. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Alabama, The Crimson White, lilifichua kwamba msichana mweusi mwenye sifa njema alinyimwa nafasi kwa shinikizo la wanachama wa zamani, ilhali wasichana waliokuwamo walimtaka. Rais wa chuo, Judy Bonner, aliamuru mialiko ifunguliwe upya, na wasichana weusi kadhaa wakaingia. Hiyo ilikuwa miaka 50 tangu wanafunzi weusi wapite kwenye milango ya chuo hicho chini ya ulinzi wa serikali kuu.

Wamarekani weusi walikuwa wameshajijengea vyama vyao zamani. Alpha Kappa Alpha, ambayo Kamala Harris alijiunga nayo mwaka 1986, ilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard. Huko hakuna wiki ya kuzunguka nyumba. Mtu huomba, husailiwa, hupigiwa kura, na husubiri kimya kimya.

Turudi kwa binti yetu na jioni yake ya mwisho. Akitoka katika nyumba hizo mbili hujaza fomu ya kutaja, kwa mpangilio, vyama atakavyokubali kujiunga navyo, kisha hutia sahihi. Sahihi hiyo inafunga. Akipata mwaliko wa chama alichokitaja, hata kile cha pili, kisha akaukataa, hawezi kujiunga na chama kingine cha baraza hilo chuoni hapo mpaka usajili mkuu unaofuata, yaani mwaka mzima. Wengi huandika jina la pili kwa hofu tu ya kubaki mikono mitupu. Hawana haja ya hofu hiyo, kwani vyama vyenye nafasi huendelea kualika katikati ya muhula bila shamrashamra. Kesho yake hugawiwa bahasha, zikafunguliwa kwa pamoja, na mabinti wakakimbilia nyumba zao wakipiga kelele za furaha. (Mwaliko huo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile la mnadani, nami kila nikilisikia hunikera.)

Kabla ya sahihi, familia iulize ada. Ukijumlisha chakula na malazi, huweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Iulize pia kuhusu karamu. Kanuni za baraza zinakataza pombe na ushiriki wa wavulana katika usajili wenyewe, lakini karamu za baadaye kwenye nyumba za vyama vya wavulana ni habari nyingine, na hilo aulizwe mwanachama wa mwaka wa pili, si yule anayetabasamu mlangoni. Zipo njia nyingine pia. Mwaka 2005 mama mmoja Mwislamu na binti yake walianzisha sororiti ya Kiislamu, Gamma Gamma Chi. Na vyuo vingi vina umoja wa wanafunzi wa Kiislamu, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1963, ambako hakuna anayepigiwa kura ili aingie.

Jirani yetu aliposhaelewa, aliacha habari ya nauli, akampigia mwanawe jioni ile ile.

"Ile nyumba ya pili, mwanangu, wakikuita kesho utakwenda kwa moyo mkunjufu?"

Binti alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapana, mama. Nitaandika moja tu."