Wanaolipia cha bure
Oktoba 2007 bendi ya Radiohead ya Uingereza iliweka albamu yake, In Rainbows, mtandaoni na kumwachia msikilizaji ajipangie bei, hata sifuri. Wengine walilipa, wala hawakuwa wajinga. Mpenzi wa taarab analielewa hili: kiingilio keshalipa mlangoni, wimbo atausikia hata asipobanduka kitini, lakini ubeti ukimgusa atanyanyuka, atajongea mbele taratibu huku akicheza na kumtunza mwimbaji noti, ukumbi mzima ukimtazama (na mbaya wake pia, ambaye ndiye hasa anayelengwa). Anatangaza kwamba ubeti ule umemsemea yeye. Ila anayemtumia mchambuzi wa soka wa YouTube shilingi elfu mbili kwa simu, usiku, jina kalificha, huyo hatazamwi na yeyote. Mimi namwamini zaidi.