Magofu Hayakujibomoa

Wako wasafiri waendao Uingereza na Wales kila mwaka kuzuru magofu ya abasia na ngome za karne za kati. Husimama penye majani yaliyokatwa vizuri, hutazama matao yasiyo na paa, kisha hutamka neno ambalo limekwisha kuwa kama sala: wakati hauachi kitu. Neno hilo lina sauti ya hekima, lakini si kweli.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Haina budi kusemwa vile vile kwamba ukiona vimelala, vimeangushwa. Abasia ya Tintern, iliyoanzishwa mwaka 1131 kando ya mto Wye, haikushindwa na mvua wala upepo. Ilitwaliwa na mfalme Henry wa Nane mwaka 1536, na risasi iliyoezeka mapaa yake ikang'olewa kwa ajili ya thamani yake. Mvua iliingia baadaye, kwa njia iliyofunguliwa na watu. Abasia ya Fountains, katika Yorkshire, ilidumu tangu 1132 hata 1539. Wakati ulikuwa na miaka mia nne ya kuiangusha, wala haukuiangusha. Ilipokwisha kufungwa, baadhi ya mawe yake yalichukuliwa kujengea jumba la tajiri karibu na hapo, na jumba hilo lingali limesimama.

Ngome nazo ni hali kadhalika. Corfe, katika Dorset, ina kuta zilizoinama kama walevi, na wapiga picha huzipenda. Ziliinamishwa kwa baruti mwaka 1646, kwa amri ya Bunge, baada ya ngome kutekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mapenzi ya magofu kwa ajili ya ugofu wao yana walimu wake. Mmoja ni William Gilpin, kasisi aliyewafundisha Waingereza kusafiri kutafuta mandhari, ambaye mwaka 1782 alitoa kitabu cha safari yake ya mto Wye. Alipoitazama Tintern aliona ncha za kuta zake zimenyooka mno, akadokeza kwamba nyundo itumiwayo kwa busara ingezifaa. Humo humo katika magofu alikuta maskini wakiishi katika vibanda na kuomba sadaka. Basi jicho lililofunzwa hivyo liliona kasoro katika kuta zilizosalia! Mtu apendaye gofu kwa kuwa ni gofu huishia kutamani livunjike zaidi, akasimama upande wa mvunjaji bila ya kujua.

Yamkini mtu atajibu kwamba watawa hawakuwa malaika, na wajenzi wa ngome ndio kabisa. Ni kweli. Abasia kubwa zilitajirika kwa mashamba na manyoya ya kondoo. Tena Edward wa Kwanza, alipoanza mwaka 1283 kujenga ngome ya Conwy ili kuwatiisha watu wa Wales, aliwahamisha watawa waliokuwa na abasia yao pale pale, wakapelekwa Maenan. Lakini jibu hilo laithibitisha hoja badala ya kuitengua. Kila jiwe lina aliyeliweka na aliyeliondoa, na wote wawili walikuwa watu wenye nia. Kumsingizia wakati ni kuwaachilia wote bila ya kuwahoji.

Hapana haja ya kuezeka upya mapaa hayo, maana jengo jipya lingeficha kosa la zamani. Wala msafiri hakatazwi kuona uzuri, maana upo. Anachodaiwa ni maswali matatu kabla ya sifa: nani alijenga, nani alivunja, na faida ilimwendea nani? Mwenye kovu usidhani kapoa. Asiyeuliza amelitazama kovu akalidhani pambo, na atakaporudi kwao atakuwa amejizoeza kutojua kuta zinapobomolewa mbele ya macho yake.