Mafuta gani? Somo la tafsiri kutoka uani Tenke

Likizo iliyopita niliimaliza uani kwa baba mdogo, Tenke, nikishika tochi na kupokeza visi. Baba mdogo alivua samaki Bukama kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu kutafuta kazi za mgodini. Boti yake ya mbao ilibaki huko, imepinduliwa chini ya mwembe, na motere yake ya kufungwa nyuma ilifunikwa kwa gunia. Mwaka jana aliamua kuirudisha majini. Akaileta kwa treni, akaiweka juu ya magogo manne nyuma ya jiko, na majirani wakaanza kuuliza kama Tenke imepata bahari.

Siandiki ili kusimulia likizo yangu. Naandika kwa sababu katika uani ule nilitafsiri ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo ulikaribia kuua motere. Kisarufi haukuwa na kosa. Ningeuleta darasani ningepata alama nzuri. Nadhani jambo hilo linatuhusu sote katika kitivo hiki, wanafunzi na walimu.

Motere yenyewe ni ya shevo kumi na tano, yaani nguvu za farasi 15, ya zamani, yenye mipigo miwili. Fundi aliyeishughulikia ni mzee wa mtaa wetu ambaye maisha yake yote ametengeneza pikipiki, jenereta na vinu vya kusagia mahindi. Anasoma Kiswahili na Kifaransa. Kijitabu cha motere kilikuwa cha Kiingereza. Baba mdogo akanikabidhi: “Wewe si ndiye unayesoma lugha? Tutafsirie.” Nikakaa na kamusi siku mbili.

Nilitafsiri kama tunavyofundishwa. Neno la kigeni nililikwepa kila nilipoweza. Elisi, kama fundi anavyoiita, niliiandika “rafadha”. Buji niliiita “plagi”, kwa kuwa ndivyo wanavyosema Tanzania. Na pale kijitabu kilipoeleza namna ya kuchanganya petroli, niliandika hivi: “Changanya sehemu 50 za petroli na sehemu moja ya mafuta ya injini.” Sentensi fupi, safi, haina neno la Kifaransa.

Siku hiyo fundi alikuwa amekwenda Fungurume. Yaya, mtoto wa kwanza wa baba mdogo, alichukua karatasi yangu akaenda sokoni. Akaomba mafuta ya injini, akapewa mafuta ya injini: yale yanayotiwa kwenye gari. Hesabu aliipiga vizuri kabisa, mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Tukafunga motere kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Ikawaka, ikatoa moshi mzito, ikazima. Akavuta tena. Mara ya nne haikuwaka kabisa.

Fundi aliporudi jioni alifungua buji, akaigusa kwa kidole, akainusa. Ilikuwa nyeusi na imelowa. Akauliza maneno mawili tu: “Mafuta gani?”

Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma polepole, kisha akasema bila hasira: “Mwana, hapa ungeandika detan, basi.”

Detan ni matamshi yetu ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya mipigo miwili. Sokoni Tenke neno hilo ni jina la aina ya mafuta, na ndugu yake ni katretan, ya mipigo minne. Tofauti yake si ya kitaaluma. Motere ya mipigo minne ina bakuli lake la mafuta chini. Mafuta yanazunguka humo na kubaki humo. Motere ya mipigo miwili haina bakuli hilo. Mafuta yanaingia pamoja na petroli, yanapita kwenye beringi na pistoni, kisha yanaungua. Kwa hiyo yametengenezwa ili yachanganyike na petroli na kuungua bila kuacha majivu mengi. Ukitia ya gari, buji inachafuka, segma za pistoni zinaganda, na beringi zinakosa ulainisho wake. Pipani uani, hasara ni buji moja. Katikati ya Lualaba, maji yakiwa yamejaa na wavu umo ndani ya boti, hasara ni kitu kingine.

Nilirudi kwenye karatasi yangu nikajiuliza kosa liko wapi. Kosa liko kwenye neno ambalo sikulitilia shaka hata kidogo: mafuta. Kwa Kiswahili mafuta ni petroli, ni dizeli, ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni ya kulainisha mnyororo. Ni neno lenye mlango mpana. Msemaji hulifunga kwa kivumishi au kwa jina linalofuata, na majina hayo yanayofuata hayakuwamo kwenye kamusi niliyokuwa nayo. Yamo kinywani mwa fundi na mwa muuza mafuta. Yeye ana detan, ana katretan, ana mafuta ya buati kwa ajili ya giya za chini karibu na elisi. Aina tatu, majina matatu, hakuna kuchanganyikiwa. Mimi msomi nilikuwa na “mafuta ya injini” kwa zote.

Najua pingamizi la kwanza litakalokuja: hayo ni maneno ya Kifaransa yaliyovunjwavunjwa, wala si Kiswahili. Nawaomba wenzangu tuangalie hiyo rafadha niliyoichagua kwa kiburi. Imetoka Kiarabu. Usukani umetoka Kiarabu. Nahodha na bandari zimetoka Kiajemi. Meli imetokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi, kwa sababu vyombo vilivyobeba barua ndivyo watu wa pwani walivyovipa jina hilo. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua hayo. Mabaharia, wachukuzi na mafundi walifanya kazi pamoja, chombo kikaja na jina lake, jina likatoholewa, likazaa. Leo tunayaita maneno hayo Kiswahili sanifu na tunayafundisha kwa fahari. Buji na elisi zimepita njia ileile. Zimechelewa tu kufika, na zimefikia bara badala ya pwani.

Na bara yetu haikuwa kando ya njia. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na hapo mizigo ilihamishiwa kwenye vyombo vya mtoni, kwa kuwa Lualaba kutoka Bukama hadi Kongolo inapitika kwa zaidi ya kilomita 600. Mwaka 1931 njia ya kwenda Dilolo na bandari ya Lobito ilikamilika, na Tenke ikawa njiapanda ya reli hizo mbili. Kiswahili cha Katanga kimekua kazini: relini, migodini, gatini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya zamani, ameonyesha jinsi wakoloni walivyojaribu kukipanga Kiswahili hiki kiwe lugha ya kuamrisha wafanyakazi. Ila wafanyakazi nao walikuwa na mipango yao. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kama walivyoijua watumishi wa nyumbani. Hakusubiri kusanifishiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipuuza. Kila mji ukiandika kwa maneno ya mafundi wake, tutaelewana vipi? Ziwa Tanganyika lina Kalemie upande mmoja na Kigoma upande wa pili. Motere ni zilezile, samaki ni walewale. Ng’ambo moja fundi anaomba buji, ng’ambo nyingine anaomba plagi. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, swali hili si la darasani tu.

Lakini tazama tulivyozoea kulijibu. Tunachagua neno moja, mara nyingi la upande mmoja, tunaliita sanifu, na la pili tunaliita kosa. Matokeo yake fundi wa Tenke anapewa karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya fundi wa Kigoma, na wa Kigoma naye hajui kwamba mwenzake wa Kalemie ana neno lake. Mimi ningeyaandika yote mawili, bega kwa bega, na mahali yanapotumika. Lugha haigawanyiki kwa kuwa na visawe. Inagawanyika pale wasemaji wa upande mmoja wanapoambiwa kwamba maneno wanayofanyia kazi si maneno.

Wala nisieleweke kwamba fundi ana haki daima na kamusi haina kitu. Uani ule kamusi ilishinda mara moja, nami nilifurahi. Mbao za boti zilikuwa zimekauka na kuachana. Fundi akaanza kusokota pamba na kuishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu, kisha kupaka lami ya moto juu yake. Akasema ni “kuziba”. Lakini alisema “kuziba” pia alipobandika bati kwenye ubavu uliooza, na “kuziba” tena alipotia jwaini mpya kwenye karbirateri. Nikamwambia pwani wana neno: hiyo kazi ya pamba peke yake ni kukalafati. Akalirudia mara mbili. Kesho yake nikamsikia akimwambia yaya: “Bati tutaziba baadaye, maliza kwanza kalafati.” Hakuniuliza limetoka lugha gani. Alilichukua kwa sababu lilimtenganishia kazi mbili ambazo jana yake zilikuwa na jina moja.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Neno lipimwe kwa tofauti linayoibeba, kabla ya kuulizwa pasipoti. Detan inabeba tofauti, basi iingie. Kalafati inabeba tofauti, iingie nayo. “Mafuta ya injini” haikubeba tofauti yoyote mbele ya duka la mafuta, ingawa ilikuwa na sura nzuri.

Na tusidhani kwamba mafundi wanakopa tu. Kwenye motere ya boti kuna tundu dogo linalotema maji wakati pampu ya kupozea inafanya kazi. Kwenye karatasi yangu niliandika: “tundu la kuonyesha kwamba maji ya kupozea yanazunguka ipasavyo”. Maneno tisa. Fundi anasema: “Motere inakojoa.” Na onyo lake ni fupi vilevile: “Ikiacha kukojoa, zima.” Ni Kiswahili kitupu, mtoto anakielewa, na mtu anayeendesha boti huku ameshika wavu kwa mkono mwingine anaweza kukikumbuka. Pampu ile ndiyo tuliyokuta imekufa, mpira wake umekauka kama ngozi ya ngoma. Bila kuibadilisha, motere ingechemka na kushika katika dakika chache, hata kama mafuta yangekuwa sawa.

Mwishowe tulimwaga mchanganyiko wote, tukasafisha karbirateri, tukanunua buji mbili na detan, na motere ikawaka pipani kwa mvuto wa tatu. Karatasi yangu niliiandika upya, nikamsomea fundi sentensi kwa sentensi, naye akanirekebisha mahali kumi na moja. Boti imerudi Bukama kwa treni. Yaya alinipigia simu kutoka huko wiki ya kwanza ya masomo kuniambia kwamba inakojoa vizuri.

Sasa naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza: katika somo letu la tafsiri, andiko lolote la maelekezo, liwe la dawa, la mbolea au la mashine, lisipewe alama kabla ya kusomewa mtu mmoja atakayelitumia. Mwanafunzi aandike mtu huyo alisita wapi. Kusita huko ndiko kusahihishwe kwanza, kabla ya viambishi.

La pili: zoezi la istilahi la mwaka wa tatu lifanyike nje ya maktaba. Kila mwanafunzi akae wiki moja kwa fundi mmoja, fundi baiskeli, mshonaji, mchomeleaji, mwashi, na kurudi na maneno 50, kila neno na kitu chake na kazi yake. Tukiwa wanafunzi 20, tuna maneno 1,000 kwa mwaka mmoja. Sijui baraza la lugha litakaloyakataa likishayaona yamepangwa vizuri.

La tatu: tuache kuandika “si sanifu” pembeni mwa kazi ya mwanafunzi bila kumwambia neno lililo sanifu ni lipi na linasema nini ambacho la kwake halisemi. Kama jibu halipo, basi tumekuta pengo kwenye kamusi, na kosa si la mwanafunzi.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zetu nne za taifa. Tunaikumbuka sana katika hotuba. Baba mdogo hakuniomba hotuba. Aliniomba ukurasa mmoja atakaoweza kuufuata, na nilihitaji fundi wa vinu ili niweze kumpa.