Ile Taa Nyekundu ya TV Hailali

Kila nikisikia mtu akishauri "zima TV ukutani uokoe stima", nacheka kidogo. Ushauri ni mzuri, sababu ndiyo mbovu. Hebu tupige hesabu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilishusha kikomo cha TV iliyozimwa kwa rimoti hadi nusu wati kuanzia 2011. Mwaka una saa 8,760, kwa hivyo TV inayofuata kanuni hiyo itakula kama uniti 4.4 mwaka mzima. Hiyo ni pesa ya chai na mandazi mara chache tu!

Sababu ya kweli iko nyuma ya ile taa nyekundu. Ukibonyeza rimoti, kioo na sauti huzimika, lakini ndani inabaki saketi ndogo isiyozimwa kamwe. Stima ya volti 240 inaingia, diodi nne zinaigeuza kuwa DC, na kapasita kubwa inajaa hadi kama volti 340. Kisha chipu ndogo inaukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, unapita kwenye transfoma ndogo, unatoka upande wa pili ukiwa kama volti 5. Kuna na optokapla, ambayo napenda sana: inarudisha habari kwa mwanga, bila waya za pande mbili kugusana. Volti zikipungua inasema ongeza, zikizidi inasema punguza.

Hizo volti 5 zinalisha jicho la rimoti na kidhibiti kidogo kinachongoja amri. Amri ikifika, ndicho kinachoamsha pawasaplai kubwa. Sisi wa programu tunazijua vizuri programu za aina hii, zile zinazokesha chinichini na hakuna anayezikumbuka mpaka zife.

Sasa, volti 5 zinalainishwa na kapasita yenye majimaji ndani, na majimaji hukauka. Nyingi zimeandikwa saa 2,000 kwa joto la nyuzi 105. Kila joto likishuka nyuzi 10, umri huongezeka takriban maradufu. Kwa nyuzi 65 unapata saa 32,000. Ukitazama TV saa tano kwa siku na kuizima ukutani, hiyo ni miaka 17. Ukiiacha ikingoja usiku na mchana, haifiki hata minne. Kusema kweli TV inayongoja huwa na joto la chini kuliko hilo, kwa hivyo jibu liko katikati. Lakini saa hazisimami. Ongeza na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo, ambayo saketi hii ndiyo huipokea kwanza.

Kwa hivyo zima ukutani, kwa ajili ya kapasita. Isipokuwa una OLED: hiyo hurekebisha kioo chake ikiwa imezimwa kwa rimoti, iachie muda kwanza.

Na taa ikipepesa bila TV kuwaka, usikubali haraka kuambiwa ununue bodi nzima. Mwombe fundi apime zile volti 5 kwanza. Zikiwa 4 na kidogo, au zikichezacheza, kapasita ya shilingi chache ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Usifungue mwenyewe kama hujazoea. Zile volti 340 zinaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi.